Karatasi ya baraza na hatima ya shauri la talaka

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanapozungumzia kesi ya talaka humtaja hakimu, wakili, na nyumba ya Mbagala itakayogawanywa. Kwa maoni yangu, mahali shauri linaposimama au kuangukia ni mapema zaidi ya hapo, katika chumba cha baraza la usuluhishi la ndoa, ambako mawakili hawaruhusiwi kuwawakilisha wanandoa na ambako, mara nyingi, anayeandika kumbukumbu hajawahi kuelezwa uzito wa anachokiandika.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujafikishwa barazani na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kusuluhisha, na kifungu cha 106 kinataka hati ya uthibitisho huo iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Mahakama ya Rufaa imewahi kufuta mwenendo wa shauri lililokwisha kupita ngazi za chini kwa sababu lilifunguliwa bila hati halali. Fikiria mama aliyehangaika na nauli na wito miaka kadhaa, kisha anaambiwa arudi kwenye baraza la kata.

Hati nyingine zinatia huruma. Niliwahi kuonyeshwa moja iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, mhuri umefifia, maelezo yenyewe mstari mmoja: "Wameshindwa kuelewana, waende mahakamani." Haikusema kikao kilikaa lini, wala kama mume aliitwa na akafika. Fomu ya kazi hiyo imewekwa na kanuni tangu 1971, na kuipiga chapa si gharama ya kuishinda halmashauri.

Hati ya BAKWATA, baraza kuu la Waislamu nchini, au ya kanisa nayo hukubalika, ikiwa baraza lililoitoa linatambuliwa kisheria. Hata hivyo, Mwislamu aliyetamka talaka nyumbani asidhani amemaliza, kwani kwa sheria ya nchi ndoa hiyo huvunjwa na mahakama, ambayo huitazama talaka hiyo pamoja na uthibitisho wa baraza.

Sipingi usuluhishi. Ninachopinga ni mwanamke anayepigwa kuambiwa na wazee, "Mwanangu, rudi ukavumilie," kikao baada ya kikao, ilhali kifungu hichohicho cha 101 kinaruhusu kulipita baraza pale mahakama inaporidhika kwamba kuna mazingira ya kipekee yasiyowezesha usuluhishi, au mwenza ametoroka na hajulikani alipo, au amekataa kwa makusudi kufika barazani. Ni wangapi wanaoelezwa ruhusa hiyo wanapofika kwa mtendaji wa kata?

Anayeumia zaidi na ucheleweshaji huu ni mtoto. Mitaani imezoeleka kwamba akitimiza miaka saba baba anamchukua. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 125 kinaweka dhana kwamba ni vema mtoto aliye chini ya miaka saba akae na mama yake, dhana inayoweza kukanushwa kwa ushahidi. Juu ya yote linatangulizwa jambo moja, ustawi wa mtoto, na matakwa yake husikilizwa akiwa na umri wa kutoa maoni yake mwenyewe. Mahakama hutakiwa pia kuzingatia madhara ya kumhamishahamisha. Hapo ndipo muda unapogeuka ushahidi: mzazi aliyemchukua mtoto kwa nguvu akamkalisha kwa bibi yake miezi minane huku baraza likiahirisha vikao, siku ya kesi atadai kwamba mtoto ameshazoea huko. Kifungu cha 136 kinaitaka mahakama, inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa ustawi wa watoto. Ni vizuri, lakini afisa huyo huwakuta watoto wameshagawanywa kama vyombo vya jikoni.

Tangu 2021 Temeke ina Kituo Jumuishi kinachoshughulikia mirathi, ndoa na watoto, ambako mahakama za ngazi mbalimbali zimewekwa pamoja. Ningependa mahakimu wa kituo hicho wapewe jukumu la kuwafundisha makatibu wa mabaraza ya jiji zima, kila kata ipate fomu zilizochapwa, na karani wa masjala aisome hati siku ileile inapoletwa, aeleze kwa maandishi kilichopungua kabla shauri halijapewa namba.