Kifo cha Mzamiaji: Viputo vya Hewa Si Ushahidi Kamili

Mzamiaji anapoopolewa akiwa maiti, iwe Msimbati au Mikindani, jibu la kwanza huwa ni kwamba amekufa maji, na jamaa huanza kuandaa maziko. Haraka yao ina msingi wa dini, na joto la Mtwara nalo huharibu mwili upesi. Wanaotaka upasuaji wa maiti hujibu, na wana haki, kwamba maji ya mapafuni mara nyingi ni mwisho wa mkasa tu.

Chanzo chaweza kuwa hewa yenyewe. Katika kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Kwa hiyo mtu aliyevuta pumzi ya mtungi wa hewa huko chini, kisha akapanda kwa hofu huku ameibana, hewa hiyo hutanuka, hupasua mapafu na kupenya kwenye damu kama viputo mpaka ubongoni. Huzirai, ndipo anywe maji.

Hata hivyo, siafikiani na wanaodhani kisu pekee kitafichua hayo. Mtu akifia kilindini, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake hugeuka viputo maiti inapopandishwa. Kuoza nako huzalisha gesi, na hata kufungua fuvu huingiza hewa mishipani. Daktari asiyejua haya ataona viputo moyoni na kutoa hukumu isiyo sahihi. Ndiyo maana picha ya CT-Scan, yaani eksirei inayoonyesha ndani ya mwili tabaka kwa tabaka, hutakiwa kabla ya kupasua, mapema iwezekanavyo, nayo haimjeruhi marehemu.

Ushahidi ninaouthamini zaidi uko nje ya mwili. Je, aliibuka ghafla, akazirai ndani ya dakika chache? Geji ya mtungi wake ilisoma hewa kiasi gani? Valvu ya mtungi ifungwe kwa kuhesabu mizunguko na kuiandika, kisha hewa iliyobaki ipimwe, kwani kompresa, mashine ya kujazia hewa, iliyovuta moshi wa injini yake hujaza mtungi sumu ya kaboni monoksidi. Kazi hii haicheleweshi maziko hata kwa saa moja.

Kikwazo ni kwamba kuvua samaki kwa mitungi ya hewa ni kosa kisheria, hivyo mzamiaji akiwa mvuvi, wenzake, wakihofia kukamatwa, huificha mitungi hiyo kabla polisi hawajafika. Kwa maoni yangu, anayechunguza kifo asianze na swali la kosa la uvuvi. Upasuaji, hata familia ikiumia, udaiwe pale vifaa au maelezo ya mashahidi yanapoleta shaka, hasa mtungi ukiwa umejazwa na mtu ambaye bado anawajazia wengine.