Ringi za bei nafuu za baiskeli ya resi: acha wepesi, hesabu spoku

Najua nitabishiwa ila nasema tu: kama unaendesha resi hapa Mwanza na hela yenyewe ni ya kubana, achana na ringi za spoku 20. Zinapendeza, sikatai. Sasa spoku moja ikatike uko mbele ya Kisesa unaelekea Magu, ringi inapiga nane hapohapo, inagusa breki, na fundi wa kwanza unayemkuta ana spoku za Phoenix tu, zile baiskeli za kawaida za kubebea mizigo. Yenye spoku 32 au 36 ikikatika moja unalegeza breki kidogo unarudi mdogomdogo mpaka Buzuruga. Na huo wepesi wenyewe ni nini, gramu 300 au 400, maji ya chupa ambayo hujaijaza, halafu unalipia mara mbili!

Kitu kingine, nani kakwambia lazima ununue pea? Inayokufa mapema ni ya nyuma, maana ndiyo inabeba uzito mkubwa na spoku za upande wa gia zinavutwa kuliko za upande wa pili. Nunua ya nyuma, ya mbele iache kama bado nzima. Nzima maana yake pale breki inapokamata hapajaliwa: weka rula, ukiona pamebonyea katikati basi imeisha, na huku mchanga na mvua vinakula alumini haraka. Ringi ya chuma inayong'aa usiichukue hata ukipewa bure, ikilowa breki zinateleza, halafu ndo unashuka kilima cha Bugando na daladala liko mbele yako limesimama.

Ukienda kwenye mitumba nenda na vipimo vyako, usikubali lugha ya "28 ni 28 tu kaka". Ringi ya 28 ya Phoenix tairi lake linakaa kwenye milimita 635, ya resi ya 700 ni 622, na zile resi za zamani za inchi 27 ni 630, kwahiyo tairi haziingiliani kabisa. Pima na nafasi ya ekseli kwenye fremu nyuma, za gia 6 au 7 nyingi ni milimita 126, za gia 8 hadi 11 zenye breki za ringi ni 130. Fremu ya chuma unaweza kuitanua kidogo ikakubali, ya alumini usithubutu. Kaseti (lile rundo la gia za nyuma) ya gia 11 ya resi ya Shimano kwa kawaida haikai kwenye habu (kitovu cha ringi) ya gia 10, ila ya 10 kwenye habu ya 11 inakaa ukiweka washa ya milimita 1.85.

Habu mi nachagua za gololi za kawaida, fundi yeyote Igoma anafungua, anasafisha, anapaka grisi, kazi imeisha. Chenji inayobaki peleka kwenye tairi, na kama fremu inapitisha tairi la upana wa milimita 28 weka 28, hizo 23 za upepo mwingi na haya mashimo yetu hapana aisee.