Sukari Kwenye Chai

Mimi nilipanda farasi kabla sijajua baiskeli. Marehemu baba alikuwa mtunza farasi kwenye shamba la chai huku Mufindi, na kazi yangu jioni ilikuwa kuwarudisha bandani, peku, bila tandiko wala nini. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiambia kuna mahali karibu na Mafinga wanakodisha farasi kwa saa, nikamwambia twende ukamwone shangazi yako. Yule mtoto wa bandani, lakini, alikuwa na kilo 30. Huyu wa leo ni mhasibu, na kiti cha ofisi kimemfanyia kazi yake.

Farasi wenyewe nchi hii si wengi. Huko chini kwenye joto, mbung'o na maradhi huwamaliza. Kwenye baridi yetu angalau wanadumu.

Mzee wa banda akanitolea jike la kijivu, jina lake Sukari. "Huyu mpole sana, binti yangu." Akamtandika, akakaza mkanda wa tumboni. Nikamwona Sukari anavuta pumzi ndefu, tumbo likatuna, akatulia nalo hivyo hivyo. Janja hiyo ninaijua tangu utoto: farasi anajitunisha wakati wa kufungwa, akitembea kidogo anashusha pumzi, na mkanda uliokuwa umebana unapwaya. Ndiyo maana hukazwa mara ya pili kabla mtu hajapanda. Nikamwambia mzee. Akanitazama kwa huruma.

"Huyu hana tabia hiyo."

Haya. Nikaenda upande wa kushoto, mguu wa kwanza ukaingia kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia kwenye tandiko, wa pili ukagoma. Mzee akanisukuma kwa bega, mahali ambapo sitapataja. Mpwa, bila shaka, anarekodi.

Mwanzoni nilikuwa malkia. Mgongo wima, visigino chini, hatamu mkononi, ukungu wa Julai unapita usoni. Kisha Sukari akashusha pumzi. Nilimsikia kabisa: pfuuu.

Tandiko likaanza kuhamia kulia. Wala halikuwa na haraka, lilienda taratibu, na mimi nikiwa juu yake. Hapo hapo wakatokea kina mama wachuma chai, vikapu mgongoni.

"Kamwene!"

Sasa, huku kwetu salamu hairukwi, hasa kwa waliokuzidi umri.

"Kamwene, mama," nikajibu, bega langu likielekea majani.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu, sijui ninyi?" Hapo kofia imeshaondoka.

"Sisi wazima. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo kabisa," nikasema, nikiwa chini ya tumbo la Sukari, nimening'inia kama popo.

Kimya kidogo. Halafu yule wa mbele akauliza, kwa adabu zote, "Na huko unakwenda wapi?"

Nikachomoa miguu kwenye vikuku, nikaachia. Mchai ukiuona kutoka barabarani, umekatwa bapa juu, kijani kitupu, unatamani kuulalia. Usiulalie. Chini ya yale majani laini kuna vijiti vikavu vilivyosimama wima, na nadhani vyote vilinifikia. Ndivyo nilivyoingia kwenye chai kabla ya Sukari, ambaye alikuwa amesimama pembeni anang'oa nyasi zake.

"Pole sana, pole," wakanivuta. Mmoja, nadhani ndiye nyapara, akaongeza taratibu kwamba mstari huo ulikuwa bado haujachumwa.

Mzee akafika, wala hakukimbia. Akaingiza vidole chini ya mkanda. Vikapita vyote, na kiganja juu.

"Umepwaya," akasema, kwa mshangao wa kweli. Akarudisha tandiko mahali pake. "Basi panda, binti yangu. Saa yako haijaisha, na ulishalipa."

Akakaza. Sukari akavuta pumzi. Mimi nikakunja mikono, nikamwambia mzee safari hii tunasubiri. Kina mama nao wakatua vikapu.