Kofia ya Mjomba na Dhiraa 19

Mjomba alipotua Cairo kutoka Pemba nikajifanya mwenyeji kamili. Miaka mitatu ya masomo, nishindwe kumtembeza mtu kisiwa cha Roda? Nikampeleka moja kwa moja ncha ya kusini, penye Mikyasi, kipimo cha maji ya Nile kilichojengwa mwaka 861, zama za khalifa al-Mutawakkil.

Ndani ni shimo la mawe, na katikati imesimama nguzo ya marumaru yenye pande nane, imechongwa alama za dhiraa 19. Upande wa mashariki kuna njia tatu za chini kwa chini, kila moja kimo chake, zilizoingiza maji ya mto taratibu, bila mawimbi, yakapanda shimoni sawasawa na mtoni. Siku hizi zimezibwa. Na tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, hayo mafuriko ya kila mwaka yenyewe hayaji.

"Zamani hizo, maji yakifika dhiraa 16," nikamwambia huku kidole kikihesabu, "wapiga mbiu wanazunguka mji, nguzo inapakwa zafarani, kisha linabomolewa boma la udongo mdomoni mwa mfereji wa Khalij. Na kodi ya mashamba inakadiriwa hapo hapo. Yasipofika, njaa. Yakizidi mno, gharika."

"Mbona unahesabu kutoka juu?" akauliza Mjomba. "Kwani maji yakijaa namba zinapungua?"

Nilikuwa nahesabu kutoka juu.

Akainama aitafute ya 16 mwenyewe. Kofia yake ya viua, kazi ya mkono ya mkaza mjomba, ikamtoka, ikatua chini kabisa, mdomo juu.

Ngazi za mawe zimezunguka kuta, hazina pa kushika. Nami hata mikarafuu ya kwetu nilikuwa naichuma kwa macho.

"Kushuka hakuruhusiwi, Mjomba," nikasema kama mwenyeji, nikakimbilia duka la mtaa wa Manyal, hapo hapo kisiwani. Hesabu yangu: dhiraa ni kiwiko hadi ncha ya kidole, nusu wari, kama sentimita 45. Mara 19, mita 8.55. Nikanunua kamba mita 9, nikafunga waya wa henga niliokunja kama ndoana.

Kumbe dhiraa ya Mikyasi ni kama sentimita 54. Mara 19, mita 10 na robo. Nimelala kifudifudi, waya unaning'inia hewani, ujinga wangu una urefu wa mita moja na ushee. Nikajinyoosha nifidie kwa mkono. Miwani ikachomoka, ikadumbukia ndani ya kofia.

Mlinzi, aliyekuwa akitutazama tangu mwanzo, akaweka gilasi ya chai chini, akashuka ngazi akiburura kandambili, akarudi na vyote viwili. Akakunjua kiganja. Bakshishi akatoa Mjomba.

"Hebu muulize, kushuka kunaruhusiwa?"

Nikamuuliza. Mlinzi akacheka, akanyoosha mkono kwenye ngazi.

"Kasemaje?"

"Kasema hakuruhusiwi."

Mjomba akavaa kofia, akaanza kushuka.

"Nikifika chini ndo n'taanza kuhesabu," akasema.