Alama 11 za mama wa Kilolo

Ilikuwa Januari, mvua imeshika Iringa, mwanafunzi wangu wa saikolojia ya unasihi aliponiletea hojaji ya kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha, aliyoijaza kwenye benchi la kliniki. Mama aliyezungumza naye alikuwa ametoka Kilolo, umri wake kama miaka hamsini. Walikuwa wamesalimiana vizuri, kamwene, shikamoo, marahaba mwanangu, kisha maswali 9 yakaulizwa na kujibiwa. Jumla ikawa alama 11. "Mwalimu, huyu ana sonona ya wastani," akaniambia. Kwa mujibu wa karatasi, alikuwa sahihi.

Nikaipitia. Uchovu, karibu kila siku: 3. Usingizi 2, hamu ya kula 2, akili kutotulia 2. Kukosa raha 1, huzuni 1. Pembeni ya swali la uchovu kijana alikuwa ameandika kwa penseli maneno ya mama mwenyewe: "Mwanangu, nani asiyechoka wakati wa palizi?"

Maneno hayo ya penseli hayakuhesabiwa popote, nami sijaweza kuyasahau. Yamekaa katikati ya mvutano nilioukuta kila mahali Nyanda za Juu Kusini wanaponolewa wanasihi. Wako wanaosema unasihi bila kipimo sanifu ni kubahatisha maisha ya watu. Wengine wanajibu kwamba hojaji iliyotungwa ng'ambo haimjui mtu wa Makete wala wa Rungwe, kwa hiyo tuweke kalamu chini tuzungumze naye. Nimewahi kusimama pande zote mbili, na kila upande nimeona mtu akiumia.

Tuanze na karatasi yenyewe. Hojaji hiyo, PHQ-9, ilichapishwa Marekani mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Inauliza kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, na juu kabisa ni 27. Mpaka unaotumika zaidi wa kumhesabu mtu kuwa huenda ana sonona ni 10. Katika utafiti wao, mpaka huo uliwanasa asilimia 88 ya waliokuwa na sonona kubwa, na ukawaacha salama asilimia 88 ya wasiokuwa nayo. Kwa karatasi ya dakika tano, hayo ni matokeo ya kuheshimika.

Lakini chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme watu 1,000 wanapita kliniki, na 100 kati yao wana sonona kweli. Hojaji itawanasa 88 na kuwakosa 12. Katika wale 900 wasio nayo, itawagusa 108. Waliovuka mpaka ni 196, na zaidi ya nusu yao hawaumwi sonona. Sasa fungua tasnifu iliyoandikwa kwa haraka: "Asilimia 20 ya wahojiwa wana sonona." Ukweli ulikuwa asilimia 10. Hakuna aliyedanganya. Mtu amechukua chombo cha kuchuja akakisoma kama chombo cha kuthibitisha ugonjwa, na takwimu hiyo ndiyo itakayopelekwa halmashauri.

Na hapo tumechukulia kwamba hojaji inafanya kazi Kilolo kama ilivyofanya Marekani. Mimi nashikwa na mashaka ninapofika kwenye lugha. Kwenye fomu za wanafunzi wangu, jibu la alama 2 mara nyingi huandikwa "zaidi ya nusu ya siku". Mtunzi alikusudia siku 8 au zaidi kati ya 14. Mama wa kijijini anasikia nusu ya siku, yaani kutoka asubuhi hadi mchana, na anajibu kwamba ndiyo, uchovu humshika kuanzia mchana hadi jioni. Amejibu vizuri kabisa swali ambalo hakuna aliyekusudia kumuuliza.

Au chukua hojaji za ndiyo na hapana, kama SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani, ya kuchuja matatizo ya afya ya akili. Mwanafunzi anauliza, "Hulali vizuri?" Mzee anajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili chetu amekubali kwamba halali vizuri. Mwingine anajibu "Hapana" akimaanisha kitu kilekile: hapana, silali. Kijana anajaza 1 kwa huyu na 0 kwa yule. Kosa la namna hiyo haliwezi kusahihishwa na programu yoyote ya takwimu, kwa sababu likishaingia kwenye jedwali linafanana na ukweli.

Halafu neno "mawazo". Kwetu mtu akisema "nina mawazo" ameshakwambia kwamba ana shida. Ukimuuliza kama anapata mawazo ya kujidhuru, nusu ya sentensi imeshamgusa kabla hujaimaliza. Na kumbuka kwamba wengi wa hawa Kiswahili ni lugha yao ya pili. Huzuni wameijua kwanza kwa Kihehe, Kibena, Kikinga au Kinyakyusa.

Wanafunzi wakisikia haya hunijibu: mwalimu, tumefanya majaribio kwa watu 30, alfa ya Cronbach ni 0.82, kipimo ni halali. Hapo huwa nawaomba tutoke kidogo kwenye takwimu twende sokoni Njombe. Unayajua magunia ya viazi ya lumbesa, yale yaliyoshonewa kilemba juu. Mfanyabiashara mmoja anaweza kujaza magunia 10 yakalingana yote, gunia kwa gunia, na bado kila moja likabeba kilo nyingi kuliko zile mkulima alizolipwa. Magunia hayo ni thabiti. Si halali. Alfa inasema tu kwamba maswali yanakwenda pamoja. Maswali ya uchovu, usingizi na chakula yatakwenda pamoja vizuri sana mwezi wa palizi, wakati ghala limepungua na mtu anaamka saa kumi alfajiri. Yatakwenda pamoja vilevile kwa mtu ambaye mwili wake unapambana na ugonjwa mwingine. Katika utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016–17, Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wazima, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3, na mikoa hiyo ndiyo iliyoongoza. Kupungua hamu ya kula, kuchoka na kukosa usingizi vinaweza kuwa VVU, vinaweza kuwa sonona, na mara nyingi ni vyote viwili. Alama peke yake haitenganishi.

Ningeishia hapa ningeonekana nimehukumu. Sijahukumu, kwa sababu nimeona pia mazungumzo yasiyo na kipimo yanavyomwacha mtu.

Muuguzi mmoja mwenye huruma kweli, mtu ambaye ningempelekea mwanangu, aliniambia kwamba kwa miaka yote hakuwahi kumuuliza mgonjwa kuhusu kutaka kufa. Aliogopa kupanda wazo. Tafiti zilizofanywa juu ya jambo hilo hazijaonyesha kwamba kuuliza kunapanda wazo, lakini hofu ni hofu. Zaidi ya hayo, Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kuwaza si kosa, lakini mteja anayeona kalamu inaandika hana hakika na tofauti hiyo, na muuguzi naye anajizuia. Hojaji ilipoingia kituoni kwake, swali la 9, la kuwaza kufa au kujidhuru, lilikuwa limeshaandikwa. Alilazimika kulisoma. Binti wa kidato cha nne akajibu "siku kadhaa" bila kuinua macho. Bila lile swali angeondoka na vidonge vya kichwa.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa mazungumzo hatulikubali kirahisi: sisi wenyewe ni kipimo kisichopimwa. Nikiwa nimechoka, mteja wa saa nane namwona mwepesi kuliko wa asubuhi. Anayeongea sana namwona mgonjwa kuliko aliyenyamaza. Baada ya mikutano sita nitasema ameendelea vizuri kwa sababu nataka iwe hivyo. Alama zilizoandikwa kila baada ya wiki mbili zinanirudisha kwenye ukweli, na ndiyo faida ya hojaji ninayoithamini kuliko zote.

Lakini na karatasi nayo inadanganywa. Mwenzangu anayefanya unasihi Mbeya alinisimulia habari za mkulima wa kahawa kutoka Mbozi, na nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Mzee alijibu "hapana kabisa" karibu kila swali, akapata alama 3. Alikuwa ameshasimama, anavaa koti, akauliza kama kwa kupitisha muda: hivi mtu akiacha shamba bila wosia, watoto wanalipata? Mwenzangu akamwomba akae tena. Walikaa muda mrefu. Wanaume wengi wa huku hawatakiri huzuni mbele ya fomu. Watauliza habari za shamba.

Kwa hiyo nimeacha kuuliza upi ni bora, hojaji au mazungumzo. Nauliza hojaji ilizaliwa kwenye mazungumzo ya nani. Zimbabwe, mtafiti Vikram Patel na wenzake walianza na maneno ya wagonjwa wenyewe, likiwemo "kufungisisa", neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, wakatengeneza hojaji ya Kishona katika miaka ya 1990. Hojaji hiyo ndiyo iliyotumika baadaye kwenye utafiti wa benchi la urafiki, mpango wa unasihi wa kukaa na mtu kwenye benchi, ulioongozwa na Dixon Chibanda, uliochapishwa 2016: watu 573, kliniki 24 za Harare, na wahudumu wa kawaida wa jamii wakisikiliza. Hapa kwetu, Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake waliipima orodha ya dalili ya Hopkins, hojaji ya wasiwasi na sonona, kwa wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam mwaka 2002, wakailinganisha na usaili wa kitaalamu badala ya kutosheka na alfa. Hiyo ndiyo kazi inayotakiwa. Ila Dar si Kilolo, na kazi hiyo inapaswa kurudiwa huku, kwanza kwa njia ya kitaamuli, kwa kukaa na watu na kusikia wanavyoyataja maumivu yao, kisha kwa takwimu. Tasnifu moja ya uzamili inayofanya hivyo kwa maswali matatu tu naiona ina thamani kuliko ishirini zinazosambaza hojaji 200 kila moja.

Siku ile nilirudi na mwanafunzi kwa mama wa Kilolo. Huwa natembea na punje 14 za mahindi mfukoni. Nikazipanga mezani. "Mama, kila punje ni usiku mmoja, wiki mbili hizi hadi jana. Sogeza huku zile ambazo hukulala." Akasogeza 9. Akazitazama kidogo, kisha akarudisha 2. "Hizi binti yangu alikuwa amekuja kutoka Makambako. Nililala."

Punje 7 kati ya 14 si zaidi ya nusu. Karatasi ikashuka kutoka 11 hadi 10, bado mpakani. Nikamuuliza, usiku ule mwingine nyumbani alikuwa na nani. Akasema hapo ndipo penyewe, na tukakaa mpaka saa nane mchana.