Kabla ya Kuihukumu Stata, Pimeni Swichi

Wiki iliyopita nilipanda Toyota Noah ya shemeji yangu kutoka Chake Chake kwenda Wete, hapa Pemba, nikaona chini ya redio kifungo chekundu mfano wa kile cha kengele ya mlangoni, kimeshikizwa kwa utepe mweusi. Shemeji alizungusha ufunguo hadi taa za dashibodi zikawaka, akabonyeza kifungo, injini ikanguruma, naye akanitazama kwa fahari ya mtu aliyeshusha gari mpya bandarini. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba gari ilikuwa inagoma kuwaka asubuhi, fundi akamwambia, "Maalim, stata imekwisha," ikanunuliwa stata, yaani mota inayoizungusha injini ili iwake. Gari ilipogoma tena ikanunuliwa betri. Na ilipogoma na betri mpya ndani yake, fundi mwingine akalimaliza tatizo kwa waya mbili na kifungo. Katika gharama zote hizo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyepima chochote.

Nami hasira yangu inaanzia hapo, kwa sababu dalili alizonisimulia zilikuwa wazi. Taa zilikuwa zinawaka vizuri, redio inaimba, lakini ufunguo ukifika mwisho wa kuzunguka hapasikiki hata mlio mdogo, mpaka autikise kidogo ndipo gari iitikie. Ningependa kuelezwa ni stata gani inayopona kwa kutikiswa ufunguo, ilhali yenyewe imefungwa kwa bolti huko chini kwenye injini. Kinachotikisika pale ni swichi.

Mahali tunapochomeka ufunguo pana vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Mbele pana kitasa, ambacho ni chuma na kazi yake ni kuutambua ufunguo na kufunga usukani. Nyuma yake pana swichi yenyewe, kipande cha plastiki chenye vibao vya shaba vinavyogusana ufunguo unapopita ACC (redio na vitu vidogo), ON (umeme wa injini) na START (kuwasha). Kwenye Toyota nyingi umeme wa betri huingia humo kwa waya zilizoandikwa AM1 na AM2, ukatoka kwa waya za ACC, IG (ya injini) na ST (ya stata). Miaka inapopita vibao huliwa na cheche, vinashika weusi, umeme unapita kwa shida, na palipo na shida ya kupita huzaliwa joto. Ndiyo maana soketi za waya za swichi katika magari ya zamani hukutwa zimeungua pembeni. Hewa yetu ya chumvi nayo haisaidii.

Kupima hakuhitaji kompyuta. Ufunguo unapowekwa START, tazameni taa kubwa: zikififia sana, shughulikieni betri, vichwa vyake na stata, zikibaki na mwanga uleule na pakawa kimya kabisa, umeme haufiki kwenye stata. Kwa gari ya otomatiki, jaribuni kuwasha gia ikiwa N badala ya P, kwani ikiwaka hapo, kosa limo kwenye swichi ya gia, ile inayoruhusu gari iwashwe ikiwa P au N tu. Ikiwa bado, mmoja azungushe ufunguo na mwingine aweke mita ya volti kwenye waya mdogo wa stata, ule unaoipa amri ya kuzunguka. Zikisomeka volti zinazokaribia za betri na stata isiitike, basi, tuihukumu stata kwa haki. Zisiposomeka, tunapanda na waya kupitia rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) mpaka kwenye soketi ya swichi, na tukikuta umeme unaingia kwa AM lakini hautoki kwa ST wakati ufunguo uko START, mwizi amekamatwa. Natilia mkazo mita kwa sababu taa ya testa hudanganya: kibao kilichoungua huweza kupitisha umeme wa kuwasha kitaa kidogo, kisha kikashindwa kabisa kuivuta stata. Pimeni waya zikiwa zimeunganishwa na kazi inafanyika. Volti zinazopotea ndani ya swichi nzima hazifai kuzidi nusu volti hivi.

Sasa kifungo. Watu wananiambia, "Lakini si gari inawaka?" Inawaka, ndiyo, na ndiyo hatari yake. Kifungo kinachukua kazi ya START peke yake. Umeme wa plagi na wa sindano za mafuta bado unapita kwenye vibao vilevile vya ON ndani ya swichi ileile iliyooza. Anayeijua barabara ya Chake kwenda Mkoani, kwa milima na kona zake, anaweza kuwaza mwenyewe injini ikizimika katikati ya mteremko: usukani unakuwa mzito ghafla, na breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, kisha mguu unakuta kitu kigumu kama jiwe. Zaidi ya hayo, waya ikitolewa betri moja kwa moja hadi stata, ile swichi ya gia inayozuia gari isiwashwe ikiwa D imeshapitwa. Mtoto aliyebaki garini akibonyeza kile kitu chekundu kinachovutia, ufunguo ukiwa ON na gia imeingia, gari inaweza kuruka. Na waya zenyewe hazina fyuzi, zimepita kwenye tundu la bati bila mpira, zinasuguliwa kila siku ya Mungu. Shemeji hubeba watoto wa skuli katika gari hiyo. Sioni maneno ya adabu ya kuieleza kazi ya namna hii.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mafundi hawabebi lawama yote. Wengi wanafanya kazi chini ya mwembe bila mita ya maana, na sisi wateja tunalipa kwa furaha tukionyeshwa kipuri kipya, ila tukiambiwa tulipie nusu saa ya kupima tunahisi tumeibiwa.

Jambo dogo pembeni: punguzeni mzigo kwenye ufunguo. Nimeona ufunguo wa gari ukiwa na funguo za duka, za nyumba mbili, tasbihi na kifungulio cha soda, vyote vinaning'inia na kucheza kila tairi likiingia shimoni, na kitasa kinalika. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliyaita magari yake yapatayo milioni 2.6 yarudi kurekebishwa kwa sababu swichi zake zilikuwa na springi dhaifu, ufunguo ukaweza kurudi ACC gari ikiwa inakwenda, injini ikazimika na mifuko ya hewa inayowakinga watu kwenye ajali isifunguke. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124, na ushauri wa kwanza waliopewa wenye magari ulikuwa kuubakisha ufunguo peke yake.

Kuitengeneza swichi ni kazi fupi kuliko kubadilisha stata. Hutolewa kichwa cha hasi cha betri na kusubiriwa angalau sekunde 90 ikiwa usukani una mfuko wa hewa, soketi za manjano, ambazo ni za mfuko huo, zisiguswe, kifuniko cha chini ya usukani kifunguliwe, soketi ya swichi ichomolewe, na kile kipande cha nyuma, ambacho mara nyingi kimeshikwa kwa skrubu mbili tu, kibadilishwe. Kitasa kinabaki, kwa hiyo ufunguo ni uleule. Soketi iliyoungua ibadilishwe pia, maana swichi mpya kwenye soketi iliyolegea itaungua upya. Swichi ya mtumba siishauri, kwani vibao vyake vimeshaliwa na mwenye gari wa kwanza. Kifungo na waya zake ving'olewe hadi mwisho, kisha mita irudi kwenye waya mdogo wa stata, ufunguo ukiwa START, kabla fundi hajalipwa.