"Aongeze juhudi" haimsaidii kijana, na "hongera" pia

Chukua ripoti ya Juni ya mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule yoyote ya kata Tanzania. Kiswahili 68, B. Historia 51, C. Hisabati 22, F. Nafasi darasani: wa 38 kati ya 57. Chini, mwalimu wa darasa kaandika "Aongeze juhudi". Mkuu wa shule naye kaandika "Aongeze juhudi zaidi", akagonga muhuri. Baba anasoma, anamrudishia mwanawe: "Umeona walimu wako wanavyosema?" Kijana anaitikia ndiyo. Kati ya hao wanne hakuna anayejua juhudi hizo ziongezwe wapi, na ile B ya Kiswahili hakuna aliyeigusa.

Hapo ndipo wanapoingia wanaotuhimiza tuwasifu vijana wetu. Kwenye semina za malezi wimbo ni mmoja: mpe kijana maneno mazuri, atajiamini, na akijiamini atafaulu. Upande wa pili unajibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa kwanza nao wana chanda chema huvikwa pete, kwa hiyo kwa methali mjadala huu hauishi leo wala kesho.

Wanaozionea shaka sifa wana hoja nzito kuliko tunavyowapa haki. Kwa miaka mingi wanaofaulu Hisabati kidato cha nne hawajafika hata nusu ya watahiniwa. Kumwambia mwenye 22 kwamba anaendelea vizuri ni kumficha jambo ambalo NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, itakuja kumwambia bila kumwonea haya. Wapo pia wanaonyamaza kwa sababu nyingine kabisa. Pwani, kumsifu mtoto mbele za watu ni kumtafutia kijicho, na anayesifu bila kutanguliza mashaallah hutazamwa vibaya. Kimya cha mama wa namna hiyo tusikiite ukali, anamkinga mwanawe.

Watafiti nao hawakuwaangusha. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu mrejesho, wakakuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo, mrejesho ulishusha utendaji badala ya kuuinua. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha, kwa wanafunzi wa Marekani, kwamba watoto waliosifiwa akili zao walikata tamaa upesi walipopewa maswali magumu kuliko waliosifiwa bidii. Kati ya hao waliosifiwa akili, karibu wanne kati ya kumi walidanganya hata alama walizopata.

Hili la pili tunalijua bila maabara. Kila darasa la saba lina kipanga wake. Anapangiwa shule ya vipaji maalumu kama Ilboru, Kilakala au Mzumbe, anafika anakuta bweni zima ni vipanga, na jaribio la kwanza linamtupa nusu ya chini ya orodha. Mtu aliyeambiwa "una akili" tangu la kwanza ana tafsiri moja tu ya matokeo hayo: kumbe sina. Hakuna aliyewahi kumwambia alikuwa anafanya nini hata akafaulu, kwa hiyo hana cha kurudia.

Na kusifu bidii peke yake kuna mtego wake. Mwanasaikolojia Mjerumani Wulf-Uwe Meyer alionyesha kwamba wakubwa, tofauti na watoto wadogo, wakisikia mtu anasifiwa kwa kazi nyepesi hudhani anaonekana hana uwezo. Kijana wa miaka 15 ukimwambia "angalau umejitahidi", anakusikia ukimwita kilaza kwa adabu.

Mpaka hapo wenye shaka wanaongoza. Ila hoja zao zinabomoa sifa za juujuu. Hazijengi kimya wala fimbo. Nenda kidato cha kwanza uone. Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, sasa Biolojia inafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu anauliza mimea inatengenezaje chakula. Msichana ananyoosha kidole, anasimama, anaanza: "Plant it use the sun to..." Darasa linaangua kicheko. Mwalimu anasema "sit down", anamwita mwingine. Jibu lake lilikuwa sahihi, na kidole hicho huenda usikione tena mpaka kidato cha nne. Kilichohitajika hapo si makofi ya kilo. Ni mwalimu kunyamazisha darasa na kusema: hoja yako ya jua ni sahihi, sasa tusaidiane kuisema.

Kuhusu fimbo nitasema moja. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu kanuni zinaruhusu visivyozidi vinne, mchapaji awe mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe. Kiboko kina daftari lake. Mazuri ya mwanafunzi hayana.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa David Yeager, Geoffrey Cohen na wenzao, uliofanyika Marekani na kuchapishwa 2014. Wanafunzi wa miaka 12 au 13 waliandika insha kuhusu shujaa wao, na walimu wakazisahihisha kwa ukali wa kawaida. Baadhi ya karatasi zilibandikwa kijikaratasi: nimekuandikia maoni haya kwa sababu natarajia makubwa kwako, na najua utayafikia. Miongoni mwa wanafunzi Weusi, walioamua kuandika upya walipanda kutoka chini ya mmoja kati ya watano hadi takriban saba kati ya kumi. Kule tatizo lilikuwa kutowaamini walimu Wazungu, na huku hatuna historia hiyo. Lakini mtoto anayekaa dawati la nyuma akiamini mwalimu alishamfuta, huyo tunaye. Na angalia: wekundu wa kalamu haukupunguzwa.

Nyumbani mambo ni mepesi kidogo. Mzazi aliyeishia la saba hawezi kukosoa Fizikia, ila anaweza kuuliza: hii B umeipataje? Kijana akijibu kwamba alikuwa akirudia mitihani ya nyuma na mwenzake kila Jumamosi, basi wote wawili wameshajua kitu cha kujaribu kwenye Hisabati. Hapo mgema hajatiwa kiburi, kaulizwa anavyogema. Kisichosaidia ni sifa yenye mkia ("umepata B, ila mtoto wa jirani..."), wala kuiweka ripoti status ya WhatsApp shangazi wote waione. Vijana wengi afadhali uwachape.

Mwalimu mwenye mikondo minne ya watu 57 ana haki ya kuniuliza atayaandika lini yote haya. Hawezi kwa madaftari yote. Anaweza kwa kumi kila wiki, akianzia nyuma ya darasa, na kwingine aendelee kuweka saini kama kawaida. Na ripoti zenyewe, shule nyingi huzichapisha zenyewe: kisanduku cha maoni kikiongezwa mistari miwili, "aongeze juhudi" itabaki na nafasi tupu inayomdai mwalimu maneno mengine.